Kona ya Nne

Inspekta Yuditha Makundi alikitandaza kitambaa juu ya meza mbili zilizounganishwa, kisha akafungua dirisha la kituo ili mwanga uingie vizuri. Nje, malori ya kwenda mpakani Holili yalikuwa yakinguruma kwenye njia panda ya Himo, na harufu ya matope ya masika ilijaa chumbani.

Kilikuwa kitambaa cha meza, cheupe, kikubwa. Damu iliyokauka katikati yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kwenye kona, mtu mwenye mkono wa uhakika alikuwa ametarizi kwa cherehani matawi ya mbuni: majani ya kijani, vimaua vyeupe vilivyozungushiwa uzi wa kijivu ili vionekane, na punje nyekundu zikifuatana kuelekea ncha ya kitambaa.

"Kona tatu," alisema Yuditha. "Ya nne haina kitu."

"Ina doa la oili, afande," alisema Koplo Rogath. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa milimani, aliyeufahamu ukanda ule wote kutoka Marangu mpaka Rombo. "Oili ya cherehani."

Yuditha aliinama. Kweli, kwenye kona ya nne tawi lilikuwa limechorwa kwa kaboni ya bluu, jani moja likashonwa, halafu oili ikamwagika na mshonaji akaacha hapo hapo. Michoro ya kaboni ilikuwa bado mbichi. Kitambaa hakikuwahi kufuliwa.

Kitambaa hicho kilikutwa Jumapili alfajiri juu ya mwili wa Mzee Sylvanus, mkulima wa Mwika. Jumamosi alikwenda Marangu kumtazama dada yake mgonjwa, na alikuwa akirudi kwa miguu pale gari lilipomgonga, jioni, mvua ikinyesha. Wanawake waliokuwa wakienda Misa ya kwanza ndio waliomkuta kando ya barabara. Asubuhi hii daktari alikuwa amesema jambo ambalo Yuditha hakulipenda: mzee hakufa papo hapo. Alivuja damu polepole. Angefikishwa hospitali mapema, pengine angeishi.

"Wale akina mama walisema amefunikwa vipi?"

"Kitambaa kilichomekwa chini ya mabega, afande. Na miguuni pia. Kimechomekwa vizuri."

"Na uso?"

"Uso ulikuwa wazi."

Yuditha alinyanyua macho. "Maiti hufunikwa uso, Koplo. Anayeachwa uso wazi na kuchomekwa mabegani ni mtu anayesikia baridi."

Rogath alikitazama kitambaa tena. "Basi aliyemfunika alijua mzee yu hai."

"Alijua. Akaondoka." Yuditha alianza kukikunja kitambaa, damu ikaingia ndani. "Kazi hii ni ya nani?"

"Mke wangu anavyo vya makochi vya namna hii. Wengine huku hutarizi waridi na ndege. Matawi ya mbuni ni ya Mama Brenda, Margareta, kule Mwika."

* * *

Margareta alikuwa barazani, mbele ya cherehani, na kitambaa kimebanwa katika ringi mbili za mbao kama ngoma ndogo. Alikuwa ameutoa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, na aliisogeza ringi kwa mikono yote miwili chini ya sindano, huku na huku, jani likijitokeza penye weupe mtupu. Alipowaona polisi wakiingia kihambani kati ya migomba, miguu yake iliacha kukanyaga.

"Karibuni. Karibuni viti."

"Asante, Mama Brenda. Hatukai sana." Yuditha alitoa kitambaa kwenye mfuko na kuonyesha kona moja tu, safi. "Hii ni kazi yako?"

Margareta aliitazama bila kuigusa. "Ni yangu."

"Ulimuuzia nani?"

"Nafikiri ni Filbert, mfanyabiashara wa Himo. Huwa anachukua vitu vyangu na kuvipeleka Taveta, ng'ambo ya mpaka."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka. Alichukua vingi."

Yuditha aliigusa kazi iliyokuwa chini ya sindano. "Kijani hiki kimepauka kidogo, au ni macho yangu?"

"Si macho yako. Uzi niliozoea uliisha, na huu nimeupata wiki iliyopita tu. Nimeutumia kwa sababu sina mwingine." Margareta alisema hayo kwa haraka, kama mtu aliyefurahi kuulizwa jambo lenye jibu.

Mume wake, Ronald, alitokea upande wa zizi akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliwasalimia bila kuutua, akazunguka nyuma ya nyumba, wala hakurudi.

"Mazishi ya yule mzee ni lini?" aliuliza Margareta.

"Mkewe anasubiri kibali. Ulimfahamu?"

"Kwa kumwona tu. Kanisani." Aliushika ukingo wa ringi, akauachia, akaushika tena. "Mungu amrehemu."

Walipofika kwenye Land Rover, Rogath alisema, "Anaonekana mama mwema."

"Inawezekana. Lakini polisi wameleta kitambaa chake mpaka mlangoni kwake, na hakuuliza tumekiokota wapi."

* * *

Duka la Filbert lilikuwa nyuma ya soko la Himo, limejaa sabuni, mafuta ya kupikia na marobota ya mitumba. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, watu wa aina yake walikuwa wameota kama uyoga kando ya barabara ya mpakani. Mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, na aliagiza chai kabla hajaulizwa lolote.

Yuditha hakuigusa chai. Aliweka kitambaa kwenye kaunta, kona ya nne juu.

"Hicho ni cha Mama Brenda," alisema Filbert, "lakini si changu."

"Anasema alikuuzia kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka nilichukua foronya na vya makochi, na vyote vimekwisha. Toka siku hiyo sijapanda tena kwake. Na chenye doa mimi sichukui, afande. Wateja wa Taveta wanakagua kitambaa kama wanachagua mchumba."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Holili. Nilikuwa naleta mzigo."

Rogath aliingia kupitia mlango wa nyuma akipangusa mikono. "Lori lake lina udongo mwekundu mpaka kwenye vitasa, afande. Kutoka Holili mpaka hapa ni lami tupu."

Filbert alikaa juu ya robota. Uchangamfu ulimwondoka usoni taratibu.

"Ulipita njia ya juu, ya udongo," alisema Yuditha. "Ukatokea Rombo, ukashuka kwa Mwika na Marangu, ili ukwepe ushuru wa mpakani."

"Sikumgonga mimi. Naapa kwa mama yangu, sikumgonga."

"Lakini ulimwona."

Filbert alitazama maboksi yake ya sabuni. "Alikuwa amefunikwa tayari. Nikajua kuna mtu amekwenda kuita msaada. Nilipunguza mwendo."

"Ulisimama?"

"Nilipunguza mwendo," alirudia. "Nilikuwa na mzigo, afande. Ningesimama, watu wangekuja, polisi wangekuja. Ningewaambia nini?"

Yuditha alingoja. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyekwisha kusema nusu hawezi kustarehe nayo.

"Kitambaa kilitikisika," alisema Filbert. "Nilikiona kwenye taa. Nikajiambia ni upepo."

"Kulikuwa na upepo?"

"Mvua ilikuwa imekatika. Migomba ilikuwa imetulia kabisa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mtanifunga kwa hilo?"

"Kwa sabuni, labda," alisema Yuditha, akachukua kitambaa.

Nje, jua lilikuwa limechomoza kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Yuditha alikitandaza kitambaa juu ya boneti ya Land Rover na kuanza kukagua kona, moja baada ya nyingine, akiinama mpaka pua karibu iguse uzi. Wapita njia walisimama kutazama, Rogath akawasukuma.

"Njoo uone hapa, Koplo. Majani ya kona hii, na ya hii. Sasa tazama ya tatu."

Rogath alikunja uso. Kona mbili zilikuwa na kijani kizito, kama jani la mbuni lenyewe. Ya tatu kijani chake kilikuwa kimepauka, pamoja na lile jani moja la kona ya nne.

"Ule uzi mpya," alisema.

"Alioupata wiki iliyopita. Ametuambia mwenyewe. Kitambaa kilichoshonwa wiki iliyopita hakiwezi kuuzwa kabla ya Pasaka. Na hakuna mnunuzi wa kitambaa chenye kona tatu na doa la oili. Kitu kama hiki hakitoki nyumbani kwa fundi." Alikikunja polepole. "Twende Mwika."

* * *

Pikapu ilikuwa chini ya kibanda nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai na majani makavu ya migomba juu yake. Rogath alilivuta turubai. Bati lilikuwa limebonyea juu ya tairi la kushoto, na taa ya upande huo ilikuwa mpya, kioo chake kiking'aa kuliko chuma kilichokizunguka.

Ronald alitoka zizini. Hakukimbia wala hakuuliza. Aliweka chini panga la kukatia majani, mbali na miguu yake, akasimama.

"Nilikuwa naendesha mimi," alisema. "Mama Brenda hana habari. Hakuwepo."

"Kitambaa kilikuwepo," alisema Yuditha.

"Nilikichukua mwenyewe nyumbani."

Barazani cherehani ilinyamaza. Margareta alikuja akiwa bado na kipande cha uzi kimemgandia kwenye gauni.

"Acha, Ronald."

"Rudi ndani."

"Nimesema acha." Alimgeukia Yuditha. "Nilikuwepo. Nilikaa upande wa kushoto. Nilimwona kabla yake."

Alisimulia akiwa amesimama, mikono ameikunja tumboni. Kulikuwa na maandalizi ya harusi Marangu, na kesho yake, Jumapili, bibi harusi angeagwa kwao. Mama wa binti alikuwa amemwagizia Margareta vitambaa vyote vya nyumba mpya: shuka, foronya, vya makochi, vya meza, kila kimoja na tawi la mbuni kwenye kona. Alivitarizi tangu Krismasi. Jumamosi jioni walivipakia nyuma ya pikapu, wakafunga turubai kwa sababu ya mvua. Kioo kilijaa ukungu. Mzee alikuwa akitembea kwenye ukingo wa barabara, amejifunika gunia kichwani, na kwenye kona gari liliteleza.

"Ronald alishuka akamshika kwapani, akamnyanyua. Akaniambia nifungue turubai tumlaze nyuma." Margareta alilitazama turubai lililokuwa chini. "Damu ilikuwa nyingi."

"Ukafungua?"

"Nilimwambia asimlaze humo."

Ronald aligeuza uso upande wa migomba.

"Vyote vilikuwa vyeupe, afande. Nikasema damu haitoki. Nikasema, tumwache hapa pembeni kidogo tu, tupeleke mzigo, Marangu si mbali, turudi gari likiwa tupu tumbebe vizuri. Ndivyo nilivyosema. Ronald alinitazama. Nikamwambia tena."

"Na kitambaa?"

"Mzee alisema ana baridi. Nikaingiza mkono chini ya turubai, nikatafuta kile kilichoharibika. Nilikuwa nimekiweka juu ya vingine ili visipate vumbi." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, lakini haikukatika. "Hata hapo nilichagua. Nilipapasa mpaka nikaipata ile kona isiyo na maua, ndipo nikavuta. Nikamchomeka vizuri. Nikamwambia, Baba, tunarudi sasa hivi. Akasema asante."

Rogath alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Marangu mlikaa muda gani?" aliuliza Yuditha.

"Walitupokea kwa vigelegele. Walifungua mzigo, wakaanza kuvipitisha, kimoja baada ya kingine, wakisifia. Wakatuwekea chai na ndizi. Tungeondoka haraka wangeuliza kuna nini." Alimtazama mumewe. "Ronald hakuigusa yake. Mimi nilikunywa. Ndizi pia nilikula."

"Mlirudi?"

"Tulirudi. Ronald alishuka na tochi. Aliporudi kwenye gari hakusema neno, nikajua. Nikataka kukichukua kitambaa, kwa sababu kila mtu anaifahamu kazi yangu. Ronald akasema kiache, sasa ni cha kwake."

Ng'ombe walisikika zizini wakitafuna. Yuditha alikuwa na maswali mengine, na alijua atayauliza kituoni, moja moja, kama kazi inavyotaka.

"Ronald, uko chini ya ulinzi kwa kusababisha kifo barabarani na kutotoa taarifa. Mama Brenda, nawe utakuja kutoa maelezo."

"Andika kwamba yeye alitaka kumpakia," alisema Margareta.

"Nitaandika ulichosema."

"Andika kwamba ni mimi niliyekataa. Watu watamlaumu dereva. Andika ni mimi."

"Panda gari, mama."

* * *

Kwenye korido ya kituo cha Himo kulikuwa na benchi moja, na juu yake alikaa Mama Hilda, mjane wa Mzee Sylvanus, kanga nyeusi begani, akisubiri kibali cha kwenda kuchukua mwili wa mumewe. Yuditha alikuwa ametaraji kumkuta amekwisha kuondoka. Alitoa ishara ili Ronald apitishwe upesi, na Ronald akapita akiwa ameinamisha kichwa. Margareta hakupita. Alisimama mbele ya benchi, akapiga goti kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Hilda kwa mazoea, kisha akamtambua. "Wewe si Mama Brenda? Umeletwa na nini huku?"

"Ni sisi, mama. Gari ni letu. Mimi ndiye niliyemfunika."

Macho ya Mama Hilda yalihama kutoka kwa Margareta mpaka kwa Koplo Rogath, yakakaa hapo.

"Koplo, Jumapili uliniambia alikufa papo hapo. Uliniambia hakuteseka."

"Nilitaka usiumie, mama," alisema Rogath. "Sikuwa na hakika. Nisamehe."

"Kwa hiyo alikuwa hai." Mama Hilda alimrudia yule aliyepiga goti. "Aliongea?"

"Aliongea, mama."

Yuditha alipiga hatua kuwatenganisha. Taratibu zilikuwa wazi: mtuhumiwa na jamaa wa marehemu hawaachwi kuzungumza. Aliuweka mkono wake begani kwa Margareta, na Mama Hilda akamwambia, bila kumtazama, "Mwache, mwanangu. Mwache amalize."

Yuditha aliuondoa mkono.

"Alisema nini?"

"Alisema ana baridi." Margareta alikuwa akilia sasa, bila sauti, machozi yakidondoka kwenye saruji. "Na alituuliza kama tutapita njia ya kwenu. Akasema, kama mnapita, mwambieni Mama Hilda asiningoje. Ng'ombe amkamue mwenyewe, mimi nitachelewa."

"Na hamkupita."

"Hatukupita."

Mama Hilda alivuta kanga yake, akaifunga upya kifuani. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mipya ya majani. Alitazama mlango wa korido uliokuwa wazi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Yule ng'ombe amemzoea yeye," alisema. "Mimi hanikubali vizuri. Kwa hiyo sikumkamua, nilimngoja yeye aje. Ng'ombe alilia usiku kucha kwa maumivu ya kiwele, na mimi kitandani nikimlaumu mume wangu kwamba amekaa kwenye pombe ya mbege."

Afisa wa dawati alitokea na kibali mkononi, akaita jina la marehemu. Mama Hilda aliinuka, akamzunguka Margareta aliyeinamisha kichwa, akaenda kukipokea kibali.